Uingereza ilipata zaidi, Ujerumani ikajenga zaidi: habari ya mtaji wa kudumu toka 1945

Wiki hii zamu ni yangu, na nimechagua kitu ambacho mwanzoni kitaonekana kikavu: jinsi Uingereza na Ujerumani zilivyotumia fedha zao kununua mashine, kujenga nyumba, reli na madaraja, toka Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha mpaka leo. Vumilieni kidogo. Ndani ya hesabu hizi kuna wakimbizi karibu milioni 8, na ndio walionifanya niandike.

Tuanze na fedha. Vita viliisha Ulaya Mei 1945. Miji imebomoka, watu wana njaa, na Marekani ndiyo nchi pekee kubwa iliyobaki na fedha. Kuanzia 1948 hadi 1952 ikatoa msaada ulioitwa Mpango wa Marshall. Sasa ukiuliza watu ni nchi gani ilipata fungu kubwa kuliko zote, wengi watakujibu Ujerumani, maana ndiyo iliyosimama haraka. Sivyo. Uingereza ndiyo iliyoongoza, ilipata zaidi ya dola bilioni 3. Ujerumani Magharibi ilipata karibu dola bilioni 1.4. Hata ukiongeza misaada ya chakula Wajerumani waliyopewa na Marekani kabla ya hapo, bado Uingereza iko mbele, kwa sababu mwaka 1946 ilikuwa imeshakopeshwa na Marekani dola bilioni 3.75. Mkopo huo iliumaliza mwishoni mwa Desemba 2006. Ndiyo, 2006, baadhi yetu tulikuwa tumeshazaliwa.

Pamoja na hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mjerumani wa Magharibi alikuwa ameshamfikia Mwingereza kwa kipato. Aliyeshindwa vita amemkuta aliyeshinda, tena kwa msaada mdogo. Ilikuwaje?

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mtaji wa kudumu ni vile vitu ambavyo ukivinunua leo vinaendelea kukuzalishia kesho na kesho kutwa. Mama mwenye cherehani hapa kambini anaelewa hili kuliko profesa. Kitenge na uzi vinaisha, mteja anaondoka na nguo yake. Cherehani inabaki. Hiyo ndiyo mtaji wa kudumu, pamoja na kibanda kilichoifunika. Ila cherehani nayo inachakaa, kwa hiyo kila mwaka sehemu ya fedha inakwenda kurudishia kilichoharibika, na kinachozidi hapo ndicho kinachoongeza uwezo wako. Nchi nayo iko hivyo hivyo. Wachumi wanachukua pato lote la taifa la mwaka mmoja, wanaangalia ni asilimia ngapi imekwenda kwenye mashine, majengo, barabara, mitambo ya umeme. Zilizobaki zimeliwa, zimevaliwa, au zimekwenda kwa wanajeshi.

Mwaka 1950 Uingereza iliweka huko karibu asilimia 13 ya pato lake. Ujerumani Magharibi iliweka karibu 19. Miaka kumi baadaye Uingereza ilikuwa imefika karibu 16, Ujerumani karibu 24. Mwaka mmoja tofauti hiyo haionekani. Lakini ukiirudia mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi, unakuta mmoja ana kiwanda kipya na mwingine anapaka rangi kile cha babu yake.

Kuna jambo linashangaza kuhusu Ujerumani ya 1945. Ukiangalia picha za Hamburg au Köln, unaona vifusi tu, unasema hapa hakuna kilichobaki. Nyumba kweli hazikubaki, na madaraja ya Rhine yalikuwa yamelala majini. Ila wanahistoria wa uchumi waliokaa wakahesabu mashine za viwandani waligundua kwamba Ujerumani Magharibi ilimaliza vita ikiwa na mashine nyingi kuliko zile za 1936. Serikali ya Hitler ilikuwa imenunua na kutengeneza mashine kwa wingi mno kwa ajili ya silaha, na mabomu yalivunja kuta na mapaa zaidi ya chuma chenyewe. Hapa lazima niseme wazi: sehemu kubwa ya kazi ya viwanda hivyo wakati wa vita ilifanywa na watu waliolazimishwa, Wapoland, Warusi, Wayahudi, wafungwa wa kambi za mateso, na wengi walifia humo. Mtaji huo ulibaki na nchi. Wao hawakubaki na kitu.

Mfano ni kile kiwanda cha Volkswagen. Kilijengwa enzi za Hitler, kikatumia wafanyakazi wa kulazimishwa, kikapigwa mabomu. Mwaka 1945 eneo la Wolfsburg likaangukia mikononi mwa jeshi la Uingereza, na aliyetumwa kukiangalia ni Meja Ivan Hirst, kijana wa miaka 29. Alikuta mapaa yametoboka lakini mashine nyingi zimepona. Jeshi lilihitaji magari, akapata oda ya magari 20,000, kiwanda kikaanza tena. Wakubwa wa viwanda vya magari vya Uingereza walikuja wakakiangalia kile kigari chenye mgongo wa kobe, wakasema hakina mvuto kwa mnunuzi. Mwaka 1949 Waingereza wakakikabidhi kwa Wajerumani. Agosti 1955 gari la milioni moja likatoka pale. Na Uingereza, ambayo mwaka 1950 ilikuwa inauza magari nje kuliko nchi yoyote duniani, kufikia 1956 ilikuwa imepitwa na Ujerumani Magharibi. Mimi siwacheki wale wakubwa. Ukiwa na soko ambalo kila unachotengeneza kinanunuliwa, ni nani atakayekushawishi ubadilishe mashine?

Turudi kwenye ule msaada, maana hapa ndipo nataka wenzetu wa mashirika wasome polepole. Marekani haikuwa inagawa noti mkononi. Mfanyabiashara wa Ujerumani aliyetaka pamba ya Marekani alilipa kwa mark, fedha za kwao. Yule muuzaji wa Marekani alilipwa dola na serikali yake. Zile mark zikakusanywa kwenye mfuko maalumu ndani ya Ujerumani, na mfuko huo ukaanza kukopesha: kituo cha umeme, mgodi wa makaa, reli, mjenzi wa nyumba. Mkopaji akirudisha, fedha zinakopeshwa kwa mwingine. Kwa kazi hiyo waliunda benki mwaka 1948, jina lake fupi KfW. Herufi hizo mkizikuta leo kwenye bango la mradi wa maji Afrika Mashariki, ni benki ileile. Ilizaliwa kujenga upya nchi iliyokuwa inaletewa unga kwa meli.

Uingereza nayo ilikuwa na mfuko wa namna hiyo. Lakini fedha zake nyingi ilizitumia kupunguza deni la serikali. Haikuwa wizi wala uzembe. Nchi ilikuwa imetoka vitani ina madeni mpaka kooni na waziri wa fedha anaogopa bei kupanda. Ila deni likipungua kwenye kitabu, fundi kiwandani haoni mashine mpya.

Halafu kuna mambo ambayo Uingereza ilikuwa imeyabeba na Ujerumani haikuyabeba. La kwanza ni jeshi. Vita vya Korea vilipoanza 1950, Uingereza ikaamua kutumia pauni milioni 4,700 kwa miaka mitatu kujiandaa kwa silaha, na gharama za ulinzi zikapanda mpaka karibu sehemu moja ya kumi ya pato la taifa. Sio fedha peke yake. Viwanda vinavyotengeneza mashine ndivyo hivyo hivyo vinavyoombwa kutengeneza vifaru na injini za ndege, mafundi ni walewale, chuma ni kilekile. Dunia nzima ilikuwa inatafuta mashine wakati ule, na Uingereza ikawaambia wanunuzi wasubiri. Nani alikuwa hana jeshi, ana mafundi, na yuko tayari kuuza? Ujerumani Magharibi. Jeshi lake jipya lilianza mwishoni mwa 1955 tu. Wakati huo huo askari wa Uingereza walikuwa Malaya, walikuwa Kenya wakipigana na Mau Mau kuanzia 1952, walikuwa Misri. Wote wanakula na kulipwa mshahara.

La pili ni koloni, na hili linatugusa sisi wa ukanda huu. Mwaka 1947 serikali ya London iliamua kulima karanga Tanganyika kwa eneo kubwa ajabu, ipate mafuta ya kula. Wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, mvua haitabiriki, na wenyeji ambao wangeweza kuwaambia hayo hawakuulizwa. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukafutwa, pauni zaidi ya milioni 36 zimepotea. Kilichobaki cha maana ni bandari ya Mtwara. Wazee wa huko bado wanaukumbuka kama mpango wa karanga, na wakisema hivyo wanacheka. Lakini fikiria: chuma hicho, matrekta hayo na wahandisi hao walikuwa wanahitajika nyumbani kwao mwaka uleule ambao Uingereza ilikuwa haina hata makaa ya kutosha kupashia nyumba moto.

La tatu ni pauni yenyewe. Serikali zote za Uingereza miaka ya 1950 na 1960 zilitaka pauni ibaki fedha ya heshima duniani. Mwaka 1949 ilikuwa imeshashushwa kutoka dola 4.03 mpaka 2.80, na hawakutaka aibu hiyo ijirudie. Basi kila uchumi ulipoanza kukimbia, watu wakanunua vitu vingi kutoka nje, pauni ikayumba, serikali ikakanyaga breki: riba juu, masharti ya kununua kwa mkopo yakakazwa. Mwaka ukipita wanaachia. Halafu breki tena. Sasa wewe ni mwenye kiwanda, unataka kununua mashine itakayokaa miaka 20, na hujui kama mwakani wateja wako watakuwepo. Unafanya nini? Unangoja. Mzee wako anangoja, wewe unangoja, mashine ya mwaka 1910 inaendelea kupiga kelele.

Upande wa Ujerumani kulikuwa na mambo mawili yaliyofungua njia. Juni 1948 fedha ya zamani ilifutwa, kila mtu akapewa mark mpya 40 kuanzia maisha, baadaye kidogo 20 nyingine. Akiba za watu wa kawaida za kwenye benki zikafutika karibu zote, lakini aliyekuwa na kiwanda au shamba alibaki nalo. Haikuwa haki, na Wajerumani wenyewe walilalamika. Jambo la pili ni deni. Tarehe 27 Februari 1953, London, nchi zilizokuwa zinaidai Ujerumani zilikubali kulipunguza deni lake kwa karibu nusu, na malipo yakapangwa yasiibane nchi kushinda kile inachouza nje. Uingereza ilikuwa mmoja wa waliosamehe. Nayo iliendelea kulipa deni lake mpaka 2006.

Sasa tuje kwa wale milioni 8.

Vita vilipoisha, Wajerumani waliokuwa wakiishi mashariki, katika maeneo yaliyokwenda Poland, na wale wa Chekoslovakia na kwingineko, walifukuzwa au walikimbia. Wengi walikufa njiani. Sensa ya 1950 ilikuta Ujerumani Magharibi ina watu karibu milioni 8 wa aina hiyo, yaani karibu mtu mmoja kati ya sita. Huko Schleswig-Holstein, kaskazini, ilikuwa karibu mmoja kati ya watatu. Waliwekwa kwenye mabanda ya jeshi, kwenye zizi, kwenye chumba cha nyuma cha mkulima ambaye hakuwaomba waje. Wenyeji waliwasema vibaya, eti wachafu, eti wanasema Kijerumani cha ajabu, eti wanamaliza chakula. Mwanzoni mwa 1950 watu karibu milioni 2 hawakuwa na kazi nchini humo, na wakimbizi walikuwa wengi kati yao kupita kiasi cha idadi yao. Mtu mwenye akili angesema huu ni mzigo, nchi hii haiwezi.

Angalia walichofanya. Aprili 1950 ilipita sheria ya kwanza ya nyumba, lengo nyumba milioni 1.8 kwa miaka sita. Walizidisha. Kufikia 1960 zilikuwa zimejengwa zaidi ya milioni 5. Nyumba za matofali, sio mahema. Nyumba ni mtaji wa kudumu kama mashine, na kila nyumba iliomba saruji, mbao, vioo, mabomba, kwa hiyo viwanda navyo vikapata kazi. Serikali ikaruhusu makampuni kupunguziwa kodi yakiweka fedha kwenye majengo na mashine. Januari 1952 ikawabana wenye viwanda vya bidhaa za kawaida watoe mark bilioni 1 kwa ajili ya makaa, chuma na umeme, sababu huko ndiko kulikuwa kumekwama: bei zao zilikuwa zimefungwa na serikali, hawakuwa na faida ya kujengea.

Na mwaka huohuo wa 1952 ikapita sheria ambayo mimi naiona kubwa kuliko Mpango wa Marshall wenyewe. Waliita kugawana mzigo. Aliyebaki na mali baada ya vita, nyumba, kiwanda, shamba, alipimiwa thamani ya mali yake ilivyokuwa Juni 1948, na nusu ya thamani hiyo akadaiwa. Usishtuke, hakuvunjiwa nyumba katikati. Alilipa kidogo kidogo kila miezi mitatu kwa miaka 30, mpaka 1979. Uchumi ulivyokua, lile fungu likawa jepesi mwaka hadi mwaka. Fedha zilikwenda kwa waliofukuzwa na waliobomolewa na mabomu: wengine fidia, wengine malipo ya uzeeni, na wengine, hapa ndipo panapotuhusu, mkopo wa kujenga nyumba au kufungua karakana.

Kuna mahali panaitwa Neugablonz, kusini, Bavaria. Watu wa mji wa Gablonz huko Chekoslovakia walikuwa mafundi wa vioo, shanga na mapambo, kazi ya vizazi. Walipofukuzwa wakapewa eneo lenye magofu karibu na Kaufbeuren, lililokuwa kiwanda cha baruti ambacho Wamarekani walikuwa wamekilipua. Zege limepasuka, msitu umeingia. Wakaanza kutengeneza vifungo na bangili humo humo kwenye magofu. Miaka ya 1950 bidhaa zao zilikuwa zinauzwa nchi za nje. Leo ni mtaa mkubwa wa watu maelfu, na jina la mji waliofukuzwa ndilo jina la mtaa. Kuna miji mingine kama hiyo, Geretsried, Waldkraiburg, Traunreut, yote imeota juu ya maeneo ya baruti na silaha. Volkswagen nayo, wengi wa wafanyakazi wake wa miaka ile walikuwa watu waliofukuzwa kutoka mashariki.

Mashine zilikuwepo, nilishasema. Zilichokosa ni mikono na watu wa kuzitumia bidhaa zake. Wakimbizi walileta vyote viwili. Wakati huo karibu robo ya wafanyakazi wa Ujerumani Magharibi walikuwa bado mashambani, nao walikuwa wanahamia viwandani, na mpaka ukuta wa Berlin ulipojengwa Agosti 1961, watu wengine zaidi ya milioni 2.5 walitoroka Ujerumani Mashariki kuja Magharibi. Mwenye kiwanda akinunua mashine mpya alijua atapata wa kuiendesha, bila mishahara kuruka. Uingereza watu wake wa kilimo walikuwa karibu mmoja tu kati ya ishirini, hakukuwa na wa kuwatoa huko. Ilipata wageni kutoka Karibea, India na Pakistan, lakini sio kwa idadi ile. Kufikia 1955 Ujerumani Magharibi, ile iliyokuwa na watu milioni 2 wasio na kazi, ilikuwa inasaini mkataba wa kuleta wafanyakazi kutoka Italia, na 1961 kutoka Uturuki.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika maoni: wewe, wale walikuwa Wajerumani. Ni kweli kabisa, na tusijidanganye. Katiba ya 1949 iliwapa uraia. Waliongea lugha ya wenyeji, walifanya kazi popote, walihama wilaya bila kuomba kibali cha kutoka kambini. Na walipiga kura. Waliunda chama chao, na mwaka 1953 kikaingia bungeni kwa karibu asilimia 6 ya kura. Ile sheria ya kugawana mzigo haikuanguka kutoka mbinguni, ilitungwa na wanasiasa waliojua kuhesabu kura milioni kadhaa. Sisi kura hatuna. Ndiyo maana nasema fedha pekee hazielezi hadithi hii, wala bidii pekee haielezi. Fundi wa shanga wa Gablonz alikuwa na bidii, ila pia aliruhusiwa kuchimba msingi wa nyumba yake kwa zege.

Tena Uingereza nayo tusiionee. Ilijenga. Waziri wa nyumba Harold Macmillan aliahidi nyumba 300,000 kwa mwaka na 1953 alifikisha. Kabla ya hapo, kuanzia 1944, serikali iliweka vijumba vya muda karibu 156,000, vya kuunganisha vipande kutoka kiwandani, vikae miaka kumi hivi mpaka nyumba za kweli zije. Vingine vilikuwa bado vinakaliwa na watu karne ya 21, mfano kule Catford, kusini ya London, vilivyojengwa kwa kazi ya mateka wa kivita. Neno "muda" likiandikwa kwenye ramani ya serikali linaweza kuishi kuliko aliyeliandika, sisi hapa tunalijua hilo.

Na fedha ikitumika vibaya bado inahesabiwa kuwa uwekezaji. Mwaka 1955 reli za Uingereza, ambazo serikali ilizichukua 1948, zilipangiwa pauni milioni 1,240 ziwe za kisasa. Wakanunua injini za dizeli za aina nyingi mno kwa haraka, nyingine mbovu zikatupwa mapema. Huku wanaleta dizeli, walikuwa bado wanatengeneza injini za mvuke. Ya mwisho ilitoka Swindon 1960, jina lake Evening Star. Nzuri sana, imepakwa kijani. Mwaka 1965 ikastaafishwa. Miaka mitano tu, injini inayoweza kuvuta miaka 30. Wajerumani Magharibi, ambao tunawasifu, walitumia mvuke mpaka 1977, taratibu, huku wakiweka umeme kwenye njia zenye kazi nyingi. Kwa hiyo asilimia kubwa peke yake isikutishe. Uliza imenunua nini.

Miaka ya 1970 na 1980 nitaipita haraka. Mafuta yalipanda bei, nchi zote mbili zikapunguza kasi. Uingereza ikapata mafuta yake Bahari ya Kaskazini, lakini viwanda vyake vingi vya zamani vikafungwa. Mwaka 1990 Ujerumani mbili zikaungana, na kwa miaka michache upande wa mashariki ukageuka eneo moja kubwa la ujenzi: barabara, simu, reli, mapaa mapya. Asilimia ya uwekezaji ikapanda tena mpaka karibu robo ya pato.

Kisha Ujerumani yenyewe ikaanza kufanya kile ambacho Uingereza ilifanya miaka ya 1950. Ilitaka hesabu safi. Mwaka 2009 iliandika ndani ya katiba kwamba serikali isikope ila kidogo sana. Makampuni yakawa yanajenga viwanda nchi nyingine, halmashauri hazina fedha, na madaraja yaliyojengwa miaka ya 1960 yakazeeka yote kwa pamoja, kwa sababu yalijengwa yote kwa pamoja. Tarehe 2 Desemba 2021 daraja la Rahmede kwenye barabara kuu ya A45, karibu na Lüdenscheid, lilifungwa ghafla kwa sababu lilikuwa linajikunja. Malori yote yakaanza kupita katikati ya mji, mchana na usiku, mbele ya nyumba za watu. Mei 2023 wakalilipua. Septemba 2024 kipande cha daraja la Carola, Dresden, kikaanguka mtoni usiku, bahati hakuna aliyekuwa juu yake.

Uingereza imeendelea kuwa chini, asilimia 17 au 18 hivi, mara nyingi ya mwisho kati ya zile nchi saba tajiri. Mwishoni mwa Agosti 2023, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, zaidi ya shule 100 za England ziliambiwa zifunge majengo yake kwa sababu yalijengwa kwa zege jepesi la zamani ambalo linaweza kuanguka bila onyo. Oktoba mwaka huo serikali ikafuta kipande cha reli ya kasi kutoka Birmingham hadi Manchester.

Machi 2025 bunge la Ujerumani lilibadilisha katiba na kuruhusu mfuko wa euro bilioni 500, utumike kwa miaka 12 kwenye reli, madaraja, shule na umeme. Fedha sasa zipo. Kinachotafutwa ni mafundi, maana kizazi kilichojenga yale madaraja kimestaafu. Mwaka 2015 nchi hiyo ilipokea karibu watu milioni moja walioomba hifadhi, wengi Wasyria, Waafghani na Wairaki, na wengi wao leo wana kazi, baadhi kwenye ujenzi huo huo. Ukisoma magazeti yao, mabishano kuhusu watu hao ni karibu yaleyale ya Schleswig-Holstein mwaka 1950: wanakula nini, wanakaa wapi, wataondoka lini.

Mwenye swali au mwenye hesabu tofauti aweke hapo chini, tutajibizana jioni mtandao ukirudi.